Rangi ya nkejje

Entebbe, Jumamosi usiku

Tangu Jumatano nairudia video moja tu. Binamu yangu anayefanya kazi Cape Town aliipiga Kommetjie, bahari ilipokupwa, akichungulia kidimbwi katikati ya mawe. Mwani unapepea, hakuna kitu. Halafu jani moja linazungusha jicho.

Kumbe ni samaki, urefu wa kidole. Wenyeji humwita klipvis kwa Kiafrikana, yaani samaki wa mawe. Nasimamisha picha hapo kwenye jicho: mwili rangi ya kutu, mabaka ya kijani, kishungi kidogo nyuma ya kichwa, na usipoambiwa humwoni. Mwenzake aliyejilaza kwenye mwani mwekundu ni mwekundu pia.

Maji yale ni ya baridi kweli. Kiangazi chao, upepo wa kusini-mashariki husukuma maji ya juu kwenda bahari kuu, ya vilindini yanapanda, na joto laweza kushuka hadi nyuzi 10. Yanapanda na virutubisho, ndivyo mwani mkubwa wa huko, wenye shina tupu lililojaa hewa, unavyorefuka kupita mita 10. Na klipvis hatagi: huzaa watoto hai, tena aweza kubeba mimba za umri tofauti kwa wakati mmoja. Hilo nimemsimulia kila mtu nyumbani.

Lakini kilichoninyima usingizi ni rangi. Nilipougua surua utotoni, bibi alinisagia nkejje, samaki wadogo wa ziwa letu, kwenye uji. Nkejje wote niliowajua walikuwa wametungwa kwenye vijiti, wamekaushwa, wa kahawia. Nimezaliwa kando ya Ziwa Victoria na sikuwahi kumtazama nkejje akiwa hai.

Leo asubuhi nikashuka mwaloni Kasenyi. Nikamwomba mzee mmoja anionyeshe.

"Unataka chambo, binti yangu?"

"Hapana, mzee. Nataka kumtazama tu."

Akanichotea mmoja kwenye beseni. Dume. Ubavu wa buluu, mkia mwekundu, na kwenye pezi la chini madoa ya manjano, mviringo kama mayai. Nilichuchumaa pale hadi miguu ikafa ganzi.

Klipvis amepewa rangi ili asionekane. Nkejje, ambaye Watanzania humwita furu, amepewa yake ili aonekane: jike humjua dume wa jamii yake kwa rangi. Ziwa hili lilikuwa na jamii zinazokadiriwa kupita 500. Tumezoea kumlaumu sangara, aliyeletwa miaka ya 1950 na 1960 akaja kuwamaliza wengi miaka ya 1980, na ni kweli. Ila kuna hili la maji. Udongo wa mashamba, mbolea na maji taka ya miji yetu vikiyachafua maji hadi mwanga usipenye vizuri, jike hatofautishi rangi tena, wanapandana ovyo, na jamii mbili zinakuwa moja bila yeyote kuliwa. Hilo si la sangara. Ni letu, na linaniuma.

"Ona, anafifia," mzee akasema. Buluu ilikuwa imeanza kuwa kijivu.

Nilitaka kumnunua, akakataa hela. Nikaingia majini hadi magotini, nikapita magugumaji, nikainamisha beseni. Maji yalikuwa ya kijani kama supu ya mchicha. Nilimwona kina cha kiganja kimoja hivi, kisha sikumwona tena.