Nafanyia kazi nyumbani, sio kazi za nyumbani

Huu ni mwezi wa nane sasa nafanyia kazi nyumbani. Siku ya kwanza nilifurahi mpaka nikajionea aibu, yaani mitingi saa 3 asubuhi, mimi nimeamka saa 3 kasoro dakika kumi, juu shati la ofisi chini nguo ya kulalia, nikajisemea kumbe miaka yote hii tulikuwa tunateswa bure. Wiki ya tatu nilikuwa hoi kuliko nilivyowahi kuwa hoi enzi zile napoteza saa moja na nusu kwenda na saa moja na nusu kurudi, na sikuelewa kwa nini.

Kero ya kwanza niliijua haraka sababu ilikuwa inanipigia simu. Ndugu. Ukimwambia mtu unafanyia kazi nyumbani yeye anasikia unafanya kazi za nyumbani. Dada yangu kanipigia saa 4 asubuhi, "Mdogo wangu, si uko nyumbani tu, nakuletea watoto mara moja." Nikamwambia dada niko kazini. Kimyaa, halafu akauliza, "Kazini wapi?" Ilibidi nijifunze kusema "natoka saa 11" badala ya kueleza, maana "natoka" wanaielewa, mtu anayetoka lazima kuna mahali alikuwa.

Mwanangu wa miaka minne naye alikuwa haelewi kabisa mama aliyepo lakini hayupo. Mnakumbuka mwaka 2017 yule profesa aliyekuwa anahojiwa laivu na BBC akiwa nyumbani, watoto wakamwingilia mmoja baada ya mwingine? Nilicheka ile video mpaka machozi, sikujua zamu yangu iko njiani. Wangu aliingia katikati ya mitingi ya robo mwaka akanitangazia kwa sauti kwamba ameshamaliza chooni, njoo unisaidie, na maiki yangu ilikuwa wazi. Kilichosaidia baadaye ni hedifoni. Tulikubaliana zikiwa kichwani mama hayupo, zikitoka mama kaja. Nazivaa hata kama sisikilizi kitu. Mlango tu haukutosha, mlango kwake ni kitu cha kufungua.

Mgongo nao ukaja na malalamiko yake, kosa langu, miezi miwili nilifanyia kazi kitandani. Unajua shida ya laptopu ni kwamba kibodi na skrini vimeshikana, ukiiweka chini ili mikono ikae vizuri shingo inainama, ukiipandisha ili macho yaone vizuri mabega yanapanda, huwezi kushinda. Sasa nimeipandisha juu ya rundo la vitabu mpaka ukingo wa juu wa skrini ukawa usawa wa macho, nikachomeka kibodi ya pembeni, viwiko vinakaa nyuzi 90 hivi, na maumivu yakapungua ndani ya wiki mbili. Macho nayo kuna ule utaratibu wa 20-20-20, kila dakika 20 angalia kitu kilicho mbali mita 6 hivi kwa sekunde 20. Mimi nakumbuka labda mara tatu kwa siku lakini si haba.

Intaneti sitaisemea sana. Ila kama kwenye video watu wanakwambia umeganda wakati wewe unawaona vizuri, cheki spidi ya kupandisha, yaani ya kutuma vitu kutoka kwako, maana ile wanayoitangaza kwa herufi kubwa mara nyingi ni ya kushusha, na video yako wewe inapanda. Na rauta, kile kiboksi cha Wi-Fi, itoeni nyuma ya kabati jamani.

Halafu zimeni ule uso wenu. Simaanishi kamera, namaanisha lile dirisha la wewe kujiona mwenyewe. Jeremy Bailenson, profesa wa Chuo Kikuu cha Stanford Marekani, aliandika 2021 kwamba kujitazama hivyo muda wote ni moja ya vitu vinavyochosha kwenye mitingi za video, na mimi nilipolificha niliacha kurekebisha nywele kila dakika nikaanza kusikiliza kinachosemwa.

Sasa yote haya nilirekebisha, na bado nilikuwa nachoka. Nikaja kugundua kitu ambacho sikukitegemea, kwamba nilikuwa nimekosa foleni. Cheka tu. Jack Nilles, yule Mmarekani anayesemwa ndiye aliyeanzisha wazo hili la kufanya kazi kwa mbali, alilianza mwaka 1973, petroli ikiwa balaa, na hesabu yake ilikuwa rahisi, badala ya kumsafirisha mtu mpaka kwenye kazi, isafirishe kazi mpaka kwa mtu. Safari kwake ilikuwa hasara tupu na mimi nilikuwa naona hivyohivyo. Lakini kwenye basi ndiko nilikokuwa nagombana na bosi kichwani, namjibu majibu yote mazuri niliyoyakosa mchana, namaliza, nashuka nikiwa mwepesi. Sasa hivi natoka kwenye mitingi mbaya naingia sebuleni kwa hatua sita. Hasira haijapoa, mtoto anauliza kitu kidogo tu, namfokea, halafu saa 3 usiku namuonea huruma huku nimeshafungua laptopu tena, eti nijibu hii moja tu.

Kuna nchi zimetunga mpaka sheria. Ufaransa tangu Januari 2017 kampuni za kuanzia watu 50 zinatakiwa kujadiliana na wafanyakazi kuhusu haki ya kuzima mawasiliano nje ya saa za kazi, na Ureno mwaka 2021 wakamzuia mwajiri kuwasumbua watu wakati wao wa mapumziko isipokuwa kuwe na dharura kubwa. Safi sana. Ila mimi bosi wangu hajawahi kunipigia usiku hata siku moja. Najipigia mwenyewe.

Na upweke upo, tusidanganyane. Mchumi Nicholas Bloom na wenzake walifuatilia wahudumu wa simu wa Ctrip, kampuni ya China ya kukatia watu tiketi na hoteli, kwa miezi tisa, waliokuwa nyumbani siku nne kwa wiki kazi yao ikapanda asilimia 13, lakini walipopewa nafasi ya kuchagua upya kama nusu yao wakarudi ofisini. Zamani ningewaona wajinga. Siku hizi nawaelewa, maana kuna siku neno la kwanza kumwambia mtu mzima ni "mnanisikia?"

Basi nimejitengenezea safari ya uongo. Saa 11 jioni naandika mistari mitatu ya kesho naanzia wapi, naifunga laptopu naitia kwenye begi, sio mezani, kwenye begi na zipu nafunga, halafu natoka nje natembea dakika ishirini nikigombana na nani sijui huko kichwani, narudi, nafungua mlango nasema "nimerudi". Wiki ya kwanza nilijiona chizi, hasa jirani aliponiuliza huwa naenda wapi kila jioni nikakosa cha kumjibu. Mwanangu yeye hakuuliza, anakuja mbio mlangoni kama vile nimetoka mbali kweli.

Juzi mvua ilikuwa inapiga nikasema leo sitoki, nikafunga laptopu nikakaa kwenye kochi, hedifoni nimeshavua, kila kitu sawa. Akaja akasimama mbele yangu ananiangalia, kimya, ananichunguza usoni.

"Mama, mbona leo hujarudi?"

Nikachukua mwavuli nikatoka.