Diski ya Mtumba Naipima, Jina Halinitoshi

Mteja akija kutafuta diski hapa Kisumu huanza na jina. "Fundi, nipe Toshiba, hizo Seagate hufa haraka." Anayemfuata ana kisa cha kinyume kabisa. Kila mmoja anazungumzia diski moja iliyomtoka na picha za familia au hesabu za duka, na uchungu huo nauelewa. Hata hivyo nimeacha kuuza kwa jina. Nauza kwa namba zinazosomeka ndani ya diski yenyewe, na tangu nishike utaratibu huu zinazorudishwa zimepungua sana.

Waliobaki kutengeneza diski za sahani (hard disk zinazozunguka, si SSD) ni watatu tu: Seagate, Western Digital na Toshiba. Seagate iliinunua Maxtor mwaka 2006, ikachukua kitengo cha diski cha Samsung mwaka 2011. Ndiyo maana laptopu nyingi za mtumba zina diski iliyoandikwa Samsung, lakini namba yake ya modeli ni ST1000LM024. Hiyo ST ni alama ya Seagate. Aliyeapa kutoigusa Seagate huwa tayari anayo mapajani.

Aibu kubwa za biashara hii zilikuwa za modeli, si za kampuni nzima. Deskstar 75GXP ya IBM ya mwaka 2000 ilikufa kwa wingi hadi watu wakaiita Deathstar. ST3000DM001 ya Seagate, ya TB 3, ilizua kesi ya wanunuzi Marekani mwaka 2016. Kwa hiyo soma namba ya modeli kwenye lebo kabla ya kusoma nembo. Namba hiyo pia itakuambia kama diski ni ya SMR. Kwenye SMR mistari ya data hupandana kama mabati ya paa: ukitaka kubadilisha bati moja, lazima uinue lililolilalia. Kuandika juu ya data ya zamani huwa polepole, na mwenye nayo hudhani diski inakufa. Mwaka 2020 Western Digital ilikiri kwamba baadhi ya WD Red za TB 2 hadi 6 zilikuwa za aina hiyo. Kwa kazi ya kuandika mfululizo natafuta CMR, ambayo mistari yake haipandani.

Sasa vipimo. Nachomeka diski kwenye ubao mama kwa waya wa SATA, kwa sababu baadhi ya makasha ya USB hayapitishi taarifa za SMART, yaani kumbukumbu za afya ambazo diski hujiwekea yenyewe. Kwenye Windows natumia CrystalDiskInfo, kwenye Linux smartctl -a /dev/sdb (sdb ni jina ambalo Linux imeipa diski). Neno PASSED (imefaulu) kwenye majibu yake lisikutulize. Diski yenye sekta mbovu, yaani vipande vidogo vya kutunzia data vilivyoharibika, hulipata vilevile. Ukitumia CrystalDiskInfo, kumbuka kwamba namba za vipimo na thamani ghafi huandikwa kwa heksadesimali: kipimo namba 197 huonekana kama C5, na thamani ya 10 maana yake ni 16. Nimeona mafundi wakikosea hapo.

Kipimo namba 5 cha SMART ni sekta mbovu ambazo kazi yake imekwisha kuhamishiwa sekta za akiba. Ikizidi sifuri, siuzi diski hiyo kwa mtu wa kutunza data. Namba 197 ni sekta zinazosubiri: diski imeshindwa kuzisoma. Hapa usiharakishe kuhukumu. Stima ikikatika katikati ya kuandika, sekta inaweza kubaki nusu nusu ingawa sahani ni nzima. Nikiiandika upya diski yote, 197 ikarudi sifuri na 5 isipande, naikubali. 5 ikipanda, uso wa sahani umeharibika. Namba 199 ni makosa ya mawasiliano, na mara nyingi kosa ni la waya. Haishuki kamwe, kwa hiyo naiandika mahali, nabadilisha waya, kisha natazama kama inaongezeka. Diski nzima ngapi zimetupwa kwa ajili ya waya uliolegea!

Namba 9 ni saa ambazo diski imewashwa. Mwaka una saa 8,760. Kompyuta ya ofisi inayowashwa saa 10 kwa siku, siku 5 kwa wiki, hupata kama 2,600. Ukikuta 40,000, hiyo imekesha miaka minne na nusu, pengine kwenye mashine ya kamera za ulinzi. Saa hizo huweza kufutwa. Mapema mwaka 2025 ziligunduliwa Seagate zilizotumika zikiuzwa kama mpya, na zilizoumbua udanganyifu ni kumbukumbu za FARM, rekodi nyingine ambazo Seagate huweka ndani ya diski: smartctl -l farm /dev/sdb, kuanzia toleo la 7.4. Kwa diski zisizo na FARM, tazama matundu ya skrubu. Diski mpya haina mikwaruzo ya skrubu wala mistari kwenye meno ya SATA.

Kisha kwenye Linux naijaribu sekta kwa sekta: badblocks -b 4096 -wsv /dev/sdb. Angalia herufi ya diski mara mbili, kwani -w hufuta kila kitu. Huandika na kusoma mara nne, na TB 1 huchukua karibu siku nzima. Iweke kwenye UPS. Mvua ya jioni hapa haibishi hodi. Mwisho smartctl -t long /dev/sdb, ambayo huiamuru diski ijipime yenyewe yote, kisha nalinganisha namba za mwanzo na za sasa.

Diski ya nje ya inchi 2.5 ikigongagonga, usiizike bado. Ikianza kuzunguka huweza kuhitaji karibu ampea 1, na tundu la USB 2.0 limepangiwa 0.5. Jaribu tundu la USB 3.0 na waya mfupi. Ikigonga hata hapo, usiendeshe chkdsk, programu ya Windows ya kurekebisha diski. Nakili kwanza kwenye diski nzima: ddrescue -f -n /dev/sdb /dev/sdc ramani.map, mbovu ikitangulia. Halafu rudia kwa -d -r3 badala ya -n ukitumia ramani ileile. Na usiiweke kwenye friza, itajaa unyevu.

Kila diski inayotoka kwangu ina kipande cha karatasi juu ya lebo: tarehe, saa ilizotumika, na thamani za 5, 197, 198 (sekta zilizoshindikana kusomeka) na 199. Mteja akirudi baada ya mwezi, tunaichomeka na kusoma pamoja.