Siku moja maishani mwangu: bisho la Nungwi

Saa 10 alfajiri. Naamka kabla ya muadhini. Rakaa mbili, kisha tasbihi: 33, 33, 34. Marehemu babu alinifunza kuufuatisha uradi na pumzi. Pumzi ikikimbia, unaanza upya. Utotoni niliona ananitesa tu.

Saa 12. Tunasukuma ngalawa, mimi na mwanangu wa miaka 16. Shule zimefungwa. Mama yake kaniambia maneno matatu: "Umrudishe kama ulivyomchukua."

Saa 2 mpaka saa 4. Mshipi. Changu watatu, pono mmoja.

Saa 4 na nusu. Kusi, upepo wa kusini, limepanda ghafla. Tuko kaskazini ya rasi ya Nungwi, ncha ya Unguja, yaani upepo unatoka kwetu na kutusukumia Mkondo wa Pemba. Kurudi ni kupiga bisho, yaani kwenda pindapinda dhidi ya upepo. Bisho la pili, kamba ya ndubi, lile gogo la ubavuni linaloshikilia ngalawa isipinduke, ikakatika kwenye mrengu, boriti inayoliunganisha na chombo. Ngalawa bila ndubi ni gogo lililochongwa, wimbi moja linaipindua.

Moyo ulinipiga hadi masikioni. Nikakumbuka usiku ule wa Septemba 2011, meli ya abiria Spice Islander ilipozama mkondoni na sisi wavuvi tukatoka kuokoa. Mmoja niliyemvuta alikuwa juu ya godoro, ananong'ona dua taratibu kama aliyekaa msikitini.

Nikalegeza demani, kamba ya tanga, tanga lipumue. Hasbunallahu wa niimal wakil, mara saba, kila moja na pumzi yake. Ndipo nikamwita mwanangu kwa sauti ile ile ya kumtuma chumvi dukani: "Baba, chukua kamba ya nanga, kafunge pale. Taratibu." Ningelipiga kelele angeliruka, na sote tungelikuwa majini.

Akatambaa juu ya mrengu. Akafunga fundo la kwanza. Wimbi likamfunika. Nikahesabu: moja, mbili, tatu, simwoni. Nne. Akaibuka anatema maji, akafunga la pili.

Saa 8 mchana. Pwani. Dalali kataja bei ya dhihaka, na hapo, niseme kweli, subira yote iliniisha. Niligomba mpaka wazee wakaja kunishika mkono.

Saa 1 usiku. Muhogo wa nazi. Mama yake akaona viganja vya kijana vimechubuka, nikamweleza yote. Hakusema neno, akaenda kuleta mafuta ya nazi.

Ile kamba nimeikagua kwa tochi. Imeoza ndani kwa ndani, si ya leo. Na mimi ndiye niliyeifunga.