Kidonge chini ya godoro

Kilikuwa kidonge kimoja tu. Mama alikikuta chini ya godoro akibadilisha shuka, na tangu siku hiyo hakumwamini tena mdogo wangu.

Ilikuwa mwaka 2016, Leicester, Uingereza. Mdogo wangu alikuwa na miaka 21. Wiki saba zilikuwa zimepita tangu aanzishiwe olanzapini, dawa ya ugonjwa wa akili, miligramu 10 kila usiku, na bado alikuwa akisikia sauti za watu wasiokuwepo. Alilala amejifunika mto masikioni.

Mama akaanza kumsimamia. Saa tatu usiku anampa kidonge na glasi ya maji, halafu: "Fungua mdomo. Inua ulimi." Kijana mzima! Mimi nilikuwa nakaa kwenye ngazi nikisikiliza, na moyoni nilikuwa upande wa mama. Akinipita kwenda chumbani, alikuwa akiniambia, "Dada, dawa nakunywa." Sikumjibu hata mara moja. Hilo linaniuma mpaka leo.

Muuguzi aliyekuwa akija nyumbani ndiye aliyeshauri damu ipimwe, ijulikane ina dawa kiasi gani. Alisisitiza saa: damu itolewe zikishapita saa kumi na mbili tangu ameze kidonge, kabla hajameza kingine. Kwa hiyo tatu usiku dawa, tatu asubuhi sindano. Mama alifurahi, akaniambia kando, "Damu haidanganyi."

Majibu yakaja: mikrogramu 11 kwa lita. Walitarajia kuanzia 20. Daktari akaanza kuzungumzia sindano ya kuchomwa kila baada ya wiki kadhaa, ile wanayopewa wasiomeza vidonge. Mdogo wangu akainamisha kichwa, wala hakujitetea.

Mfamasia, aliyekuwa kimya pembeni, akamuuliza, "Unavuta sigara ngapi kwa siku?"

"Ishirini. Siku nyingine zaidi."

Akamgeukia mama. "Na umemwona akimeza?"

"Kila usiku, kwa macho yangu haya," mama akasema, na palepale sura yake ikabadilika. Nilimwona akiyasikia maneno yake mwenyewe.

Mfamasia alitueleza taratibu. Moshi wa sigara huchochea kimeng'enya kimoja kwenye ini, kikaivunjavunja olanzapini haraka kuliko kawaida. Kidonge anameza, ila damu inabaki na kidogo. Kinachofanya hivyo ni moshi wenyewe, wala si nikotini, kwa hiyo plasta za nikotini hazina athari hiyo. Akamwonya pia: siku akiamua kuacha sigara awaambie kwanza, kwani dawa itapanda kwenye damu ndani ya siku chache na dozi italazimika kushushwa.

Kile kidonge cha chini ya godoro kilikuwa cha wiki ya kwanza. Asubuhi yake alikuwa na usaili wa kazi, akaogopa usingizi. Hakuna aliyekuwa amemuuliza.

Dozi ilipandishwa hadi miligramu 20. Kipimo cha pili kilisoma 23, na sauti zikaanza kufifia, si zote, wala si kwa mara moja.

Lakini ninaoukumbuka zaidi ni usiku ule wa majibu. Saa tatu ilipofika, mama aliweka kidonge na glasi mezani, akasema, "Dawa yako hiyo, baba," akageukia sinki kuosha vyombo. Alisugua sufuria moja kwa muda mrefu. Nyuma yake nikasikia glasi ikirudishwa mezani.