Tulivyojipanga kuishi jirani na kituo cha mafuta

Tulijenga Mbagala kabla kituo cha mafuta hakijawa jirani yetu. Leo ukuta wake uko hatua chache tu kutoka dirisha la chumba cha wanangu. Kilipofunguliwa mtaa mzima ulifurahi, na mimi pia: taa usiku kucha, mlinzi getini, bodaboda hawahangaiki tena kutafuta mafuta. Faida hizo ni za wote. Adha yake tunaibeba sisi tuliopakana nacho, na ndiyo maana naandika, maana najua wapo wengi wanaoishi hivi bila kujua waanzie wapi.

Kwanza ilikuwa harufu. Siku nyingine nyumba shwari kabisa, siku nyingine harufu inaingia mpaka kwenye chakula na mtoto wa mwisho analalamika kichwa. Nilipofuatilia nikaona inakuja kila lori linaposhusha mafuta. Msimamizi wa zamu, kijana mwenye heshima zake, ndiye aliyenielewesha. Tangi lililoko chini ya ardhi likipungua mafuta, ile nafasi ya juu inajaa mvuke wa petroli. Lori likianza kumimina, mafuta yanayoingia yanausukuma mvuke huo nje kupitia bomba la kupumulia. Bomba lenyewe lilikuwa limesimama kona ya ukuta wetu, likitazama dirisha la watoto.

Akaniambia na jambo lililonikosesha usingizi: mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, mara tatu hadi nne. Haupandi ukapotelea juu, unashuka na kutambaa chini. Na jiko letu la mkaa lilikuwa uani, chini ya ukuta uleule. Petroli hutoa mvuke unaoweza kushika moto hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, sembuse joto la Dar es Salaam. Sisi wa Mbagala tuliokimbia milipuko ya mabomu Aprili 2009 hatuhitaji kuambiwa mara mbili. Jiko lilihamia upande wa mbele siku ileile.

Watoto niliwahamishia chumba cha pili, kile cha ukutani kikawa stoo. Hapo sikuwa nawaza moto peke yake. Ndani ya petroli kuna kemikali iitwayo benzini, ambayo Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani limeiweka Kundi la 1, yaani imethibitika kusababisha saratani kwa binadamu, hasa saratani ya damu. Anayepita kujaza mafuta anaivuta dakika mbili akaenda zake. Mtoto anayelala pale anaivuta kila siku.

Kwa mwenye kituo tulikwenda majirani watatu, tukiwa na mwenyekiti wa mtaa. Akatutolea faili: "Mama, vibali vyote ninavyo." Sikubishana naye. Nilimjibu kwamba hatukuja kufunga kituo, tumekuja na maombi mawili: lori lishushe asubuhi watoto wakiwa shule, na bomba la kupumulia lihamie upande wa barabara. La kwanza alikubali palepale. La pili akalizungusha. Tukaandika barua ofisi ya mazingira, nakala kwa mtendaji wa kata, tukitaja Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, ambayo inampa kila anayeishi Tanzania haki ya mazingira safi, salama na yenye afya. Ilichukua muda mrefu na nauli nyingi. Mwishowe wakaguzi walikuja, wakatazama bomba, wakatazama dirisha, na likahamishwa. Nawashauri wenzangu: nenda na ombi linalotekelezeka. Ukisema tu "kituo kinatusumbua" utarudishwa nyumbani.

Siku hizi yule kijana ananitumia ujumbe: "Shikamoo mama, leo tunashusha saa nne." Nafunga madirisha ya upande ule, anayepika anasubiri, na hakuna kuwasha kiberiti uani mpaka lori liondoke. Wanangu wanajua pia kwamba mafuta yakimwagika hawasogei kutazama, wala hawachoti. Niliwasimulia ya Morogoro, Agosti 2019, lori lilipopinduka watu wakaenda kuchota mafuta, na zaidi ya mia moja wakapoteza maisha kwa moto.

Kisima ndicho kinachoniumiza mpaka leo. Udongo wetu ni mchanga, visima vyetu ni vifupi, na matangi yamezikwa hapohapo. Baada ya masika jirani yangu alichota maji yakawa na utando wa rangi juu, kama upinde wa mvua. Maabara ikakuta mafuta. Chetu kilikuwa safi, lakini pua si kipimo: kiwango cha benzini ambacho Shirika la Afya Duniani linakubali kwenye maji ya kunywa ni mikrogramu 10 tu kwa lita, na kwa kiasi hicho huwezi kunusa chochote. Wengine wanasema chemsha. Ukichemsha, benzini inageuka mvuke na wewe ndiye unayesimama jikoni kuuvuta. Kwa hiyo ya kunywa na kupikia ni ya bomba, ya kisima ni ya kudekia na kumwagilia migomba, na kila baada ya masika tunachangishana kupima visima vyote vilivyo karibu na ukuta.

Jirani yangu bado hajalipwa chochote. Kituo kinasema matangi yake hayavuji, na hakuna aliyechimba kuthibitisha. Ombi letu sasa ni tundu la uchunguzi kati ya matangi na nyumba zetu, bomba dogo linaloshuka hadi kwenye maji ya ardhini, ili sampuli ichukuliwe mbele ya pande zote mbili. Barua imeshapokelewa na kugongwa muhuri, na wiki ijayo tunakwenda kuifuatilia.