Kabla hujagusa herufi moja

Kurekebisha "recieve" iwe "receive" kwenye maelezo ya programu huria ni kazi ya dakika chache. Kinachokula muda ni kuhakikisha kwamba ni kosa kweli.

Chukua Referer, jina la taarifa ambayo kivinjari huipa tovuti kuhusu ukurasa uliotoka. Kiingereza sanifu kinataka r mbili katikati, referrer. Lakini neno liliingia hivyo kwenye kanuni za HTTP, yaani za mawasiliano ya vivinjari na tovuti, katika waraka wa RFC 1945 wa mwaka 1996, na hadi leo vivinjari hulituma kwa tahajia hiyo hiyo. Ukiongeza r kwenye mfano wa kodi (maandishi ya programu yenyewe), atakayeunakili atatafuta kitu kisichokuwepo, na huenda asione hata ujumbe wa hitilafu. Basi neno lililo ndani ya kodi lisiguswe mpaka ulitafute kwanza kwenye programu yenyewe. Colour ya Uingereza na color ya Marekani nazo ni kama ndia na njia: sisi wa Lamu tukisema ndia hatujakosea. Tazama mradi umeshika ipi, ushike hiyo.

Halafu tafuta faili la asili. Kurasa nyingi huzalishwa kutokana na maelezo yaliyomo ndani ya kodi. Ukisahihisha kilichozalishwa, kosa litarudi toleo lijalo. Kichwa cha sehemu kina mtego wake, kwani mara nyingi anwani ya kiungo cha sehemu hutokana nacho. "Instalation" ikipata l yake ya pili, viungo vyote vya #instalation havifiki tena. Vitafute kwanza:

grep -rn "#instalation" .

Kwa neno moja, alama ya penseli ya GitHub, tovuti inayohifadhi miradi mingi ya programu huria, yatosha. Ukihitaji faili zote na unatumia bando ya simu, amri ya git clone --depth 1 (git ni programu inayotunza historia ya mabadiliko) hukuepusha na kupakua historia nzima ya mradi. Codespell, programu ya kukagua tahajia, husaidia kuyaona makosa, ila usianze na -w, kwani huandika papo hapo na haijui jina la mtu ni lipi.

Kabla ya kutuma, soma git diff, inayoonyesha mistari uliyobadilisha. Neno moja libadilishe mstari mmoja. Ukiona mistari arubaini, huenda kihariri chako kimefuta nafasi za mwisho wa mistari, na katika Markdown, mtindo wa kuandikia maelezo hayo, nafasi mbili pale ndizo zinazokata mstari. Rudisha.

Makosa ya ukurasa mmoja yaende katika ombi moja la kuingiza mabadiliko (pull request). Oktoba 2020, wakati wa Hacktoberfest, kampeni ya kila mwaka ya kuhimiza watu wachangie programu huria, wasimamizi wa miradi walifurikiwa na maombi ya ovyo yaliyobadilisha neno moja bila sababu, na wengi bado wana wasiwasi. Soma CONTRIBUTING.md, faili la masharti ya kuchangia: baadhi ya miradi hudai git commit -s, inayoongeza mstari wa Signed-off-by wenye jina lako, na bila mstari huo ombi lako halipokelewi.