Chumba cha Shangani na Nyumba ya Majengo

Jumapili usiku

Leo tumerudi Dar es Salaam. Mama amekwisha kulala, nami nimeketi kuandika habari za siku nne tulizokaa Mtwara kabla hazijapoa moyoni. Ya safari yenyewe nitayaacha. Ninalotaka kuliweka hapa ni jinsi tulivyochagua mahali pa kulala, kwa kuwa mara ya kwanza nilikosea, na kosa langu lilikuwa kutomsikiliza mama.

Nilikwisha kuamua peke yangu kwamba tutakaa Shangani, kwa sababu nilitaka bahari. Kwa majuma mawili nilitazama picha kwenye simu, nikavutiwa na chumba kimoja kilichooneshwa na pazia jeupe na maji ya buluu nyuma yake, nikalipa. Nilipomwambia mama, aliuliza jambo moja tu: "Mwanangu, kutoka hapo nitafika wapi kwa miguu?" Nikamjibu kwamba bajaji zipo. Alinyamaza.

Mtwara ni mji uliotawanyika, nao haukutawanyika kwa bahati mbaya. Waingereza walipoanzisha mradi wao wa karanga mwaka 1947, walikusudia mazao ya Nachingwea yasafirishwe kwa reli mpaka bandari ya kina kirefu itakayojengwa hapa, na mji ukapimwa kwa matarajio makubwa, ukiwa na barabara pana na viwanja vilivyoachana. Mradi uliachwa mwaka 1951, lakini vipimo vikabaki. Ndiyo maana soko na mitaa ya Chikongola na Majengo iko upande mmoja, benki na ofisi ziko kwingine, na Shangani iko mbali, kaskazini magharibi, ufukweni, mwendo wa zaidi ya nusu saa kutoka sokoni kwa mtu mwenye magoti mazima. Mama ana miaka 74.

Chumba kilikuwa ghorofani, juu ya ngazi nyembamba, na dirisha lake lilitazama ukuta wa jirani; bahari ya kwenye picha ilionekana kutoka barazani tu. Zilikuwa siku za bamvua, bahari inapojaa na kupwa kupita kawaida, kwa hiyo saa nne asubuhi maji yalikuwa yamekupwa, yakaacha miamba na vidimbwi hadi mbali. Alasiri yalijaa tena, nikaogelea, na siwezi kukana kwamba nilifurahi sana. Lakini niliporudi nilimkuta mama ameketi kitandani, mtandio umekunjwa vizuri pembeni, akingoja. Hakuwa amelalamika hata kidogo. Nilijisikia vibaya kuliko kama angelalamika.

Usiku ule tulizungumza kwa utulivu. Nilitaja Mikindani, kilomita 10 hivi kutoka mjini, ambako boma lililojengwa na Wajerumani mwaka 1895 lilikarabatiwa likafanywa hoteli. Mama aliipenda habari hiyo, lakini akasema twende tukaione mchana na kurudi kabla ya magharibi, maana kwa kulala yeye anataka kuwa karibu na watu. Kisha akaniomba namba za nyumba za wageni za Majengo, akapiga simu mwenyewe.

Nilijifunza mengi kwa kumsikiliza akimhoji binti wa mapokezi. Hakuuliza kuhusu picha wala bei. Aliuliza kama chumba kiko chini, na kama choo ni cha kukaa, kwa ajili ya magoti yake. Aliuliza dirisha limeelekea wapi, kwa sababu Julai hii kusi inavuma, na dirisha linalotazama kusini hupata upepo hata umeme ukikatika na feni ikasimama. Aliuliza kama tanki lina maji asubuhi, maana mabomba kufunguliwa ni jambo moja na maji kutoka ni jambo jingine. Aliuliza kama neti ni nzima. Mwisho akauliza, "Na adhana ya alfajiri inasikika, mwanangu?" Binti akasema inasikika sana, kwa sauti ya mtu anayeomba radhi. Mama akamwambia basi tunakuja kesho.

Nyumba ile ina vyumba sita na ua wenye mwembe, nasi tulilipa nusu ya bei ya Shangani. Bahari haionekani kabisa. Ilinisikitisha kidogo, nami naliandika hili kwa ukweli, kwa sababu ningekuwa peke yangu ningerudi Shangani bila kusita. Lakini tangu asubuhi ya kwanza mama alitoka mwenyewe baada ya swala, akatembea mpaka sokoni taratibu, akarudi na muhogo, korosho na habari za watu ambao mimi sikuwa nimewaona. Mikindani tulikwenda kwa daladala siku iliyofuata, tukarudi jua likiwa bado juu, kama alivyotaka.

Leo alfajiri nilimwacha akifunga mizigo, nikaenda mimi kununua vitumbua vya njiani. Mama muuzaji, ambaye sikuwahi kumwamkia kabla ya hapo, aliitikia shikamoo yangu, akanitazama usoni kwa muda, kisha akauliza, "Wewe ndiye binti yake? Mbona leo hakuja mwenyewe? Nimemwekea vile vilivyokauka pembezoni, ndivyo anavyovipenda."